Nauli ya Rangi za Penina

Mzigo ulikuwa na joto. Joanitha aliupokea mlangoni kwake Rwamishenye akashangaa, maana jua halikuwa limetoka tangu asubuhi, na boksi lile lilikuwa la moto kama shingo ya mtoto mwenye homa.

"Umetoka mbali mzigo huu," alisema mgeni aliyeuleta. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini.

Joanitha hakuwa mwepesi wa maneno mbele ya watu asiowajua. Badala ya kumuuliza ametumwa na nani, alifanya alivyolelewa: alimpa kiti, akamletea emwani, ile kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Mgeni akachukua punje mbili, akatafuna taratibu huku amefumba macho, kama mtu aliyeshinda njaa miaka mingi. Mara Agnetha, bintiye Joanitha wa miaka mitatu, akalia chumbani. Joanitha alikwenda kumbembeleza, na aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Aliona aibu kwamba hakumsindikiza mgeni hata hatua moja. Kisha akafungua boksi, aibu ikamtoka.

Ndani mlikuwa na rangi alizozitamani tangu Penina, mtoto wake wa kwanza, alipofariki kwa malaria. Simu yenye picha za Penina iliibwa stendi, na haikubaki hata moja. Joanitha alijua kuchora; mabango ya kwaya pale kanisani yalikuwa kazi ya mkono wake. Alitaka kumchora mwanawe kabla sura haijamtoka kichwani, kwa sababu ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, leo nyusi, kesho kidevu. Maduka ya Miembeni yaliuza rangi za kupaka nyumba tu. Rangi za picha alizipata mtandaoni, kutoka nje ya nchi. Bei yake ilikuwa nafuu. Nauli ndiyo iliyomvunja moyo.

"Rangi elfu arobaini, kuzisafirisha laki mbili na nusu?" Datius, mume wake, alicheka. "Hizo rangi zinapanda ndege pamoja na wakwe zao?"

Alicheka peke yake. Alipomtazama mkewe, akaacha kucheka. "Tungekuwa nazo ningekupa, mama Penina."

Kesho yake ujumbe uliingia kwenye simu ya Joanitha: Rangi zinakuja. Nauli tutajichukulia tukifika. Alibonyeza kukubali, wala hakumwambia Datius.

Sasa, boksi likiwa limefika, alianza na mdomo. Rangi nyekundu ilitulia kwenye kitambaa, na midomo ya Penina ikatokea, yenye unyevu, kama imetoka kunywa maji. Joanitha alilia kwa furaha.

Jioni, Datius akimnywesha Agnetha uji, aliuliza, "Mbona midomo ya huyu mtoto imepauka hivi?"

Alipochora mashavu, mashavu ya Agnetha yakawa kama majivu. Hospitalini walipima damu, wakasema damu ipo ya kutosha. Nyumbani kukaanza kunuka kahawa iliyotafunwa, na kile kiti alichokalia mgeni kikawa kinalia chenyewe, kama mtu anajigeuza akae vizuri.

Siku aliyochora jicho la kushoto ilikuwa mchana kweupe, Agnetha anacheza mkekani nyuma yake, na Joanitha alipoweka tone la mwisho jeusi katikati ya jicho alisikia kule kwenye kiti mtu anatafuna, polepole, karibu kabisa, na kabla hajapata nguvu ya kugeuza shingo akasikia mwanawe anaita kwa sauti ndogo ya mshangao, "Mama, upande huu kumekuwa giza."

Brashi ikamdondoka.

"Twende Kimwani kwa bibi Kokugonza, yule mganga," Datius alinong'ona, baada ya kuambiwa yote.

"Mchungaji atasemaje?"

"Mchungaji si alikuja juzi akaomba? Kiti kikalia mbele yake, akasahau hata Biblia yake hapa."

Walisafiri hadi Kimwani, kule Muleba, na mtoto mgongoni. Bibi Kokugonza alikuwa anapalilia maharage. Alinusa kiganja cha Joanitha, akakunja uso.

"Ulimlisha?"

"Nilimpa emwani, bibi."

"Waitu! Basi mimi siwezi kumfukuza. Jini ametafuna kahawa ya nyumba yako, ni mgeni wako. Ulimsindikiza?"

Joanitha akatikisa kichwa kukana.

"Basi hajaondoka. Anangoja umtoe kwa heshima, na akingoja anajilipa. Msindikize hadi njia panda, umbebee mzigo wake wote."

"Picha pia?" Joanitha aliuliza. "Bibi, imefanana naye. Inaniangalia."

Bibi kizee akamtazama Agnetha, aliyekuwa akipapasa hewa upande wa kushoto. "Inakuangalia kwa jicho la nani?"

Walirudi Rwamishenye kabla jua halijazama. Joanitha alifunga rangi ndani ya boksi, akaiweka picha juu yake, akasimama mbele ya kile kiti. "Karibu tena" ndiyo maneno ya kumuaga mgeni, lakini bibi alimkataza kuyatamka. Alisema tu, "Nikusindikize."

Kiti kikalia, kikanyamaza. Njia nzima hatua nzito zilikwenda sambamba na zake, na boksi likampa joto kifuani, na kila alipotaka kuitazama ile sura mara ya mwisho aliyakaza macho mbele, maana alijijua: akiitazama atarudi nayo nyumbani.

Njia panda, sauti ya chini ilisema karibu na sikio lake, "Asante kwa ukarimu, mama Penina." Mikono yake ikawa mitupu.

Alirudi mbio. Agnetha alikuwa mlangoni na baba yake, midomo myekundu, macho yote mawili yanang'aa. Datius alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Joanitha akamkumbatia mwanawe, lakini mtoto alikuwa anachungulia barabarani juu ya bega lake.

"Mama, mbona na dada umemsindikiza?"

"Dada gani?"

"Alikushika kanga njia nzima. Yule baba amemvuta mkono, yeye analia, anakuita."

Joanitha akageuka. Barabara ilikuwa tupu. Alifumba macho amtafute Penina, akapata gauni, akapata viatu vya kanisani, akapata nywele alizomsuka mwenyewe. Pale penye uso hapakuwa na kitu.