Niliuliza Vinatoka Wapi, Wakaniambia Ng'ambo

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na saba, ni mama wa watoto watatu, wa kwanza Hadija, na ninaishi Kamembe, hapa Cyangugu mpakani na Kongo, nyumba ile ile niliyoingia nikiwa bibi harusi. Naandika nikiwa na hasira. Msitafute machozi humu, machozi yalikwisha zamani. Hasira ndiyo iliyobaki, na sehemu kubwa ni yangu juu yangu mwenyewe!

Mume wangu aliitwa Mustafa. Alikuwa fundi viatu. Sisemi fundi wa kubandika soli barabarani, hapana. Alikuwa anaanza na ngozi mbichi ya duka na anamaliza na kiatu cha kuingia nacho harusini. Alijifunza kwa baba yake, na baba yake alijifunza kwa Mwarabu mmoja aliyekuwa na duka hapa zamani.

Baada ya ile vita ya kwetu ya tisini na nne, mji ulipokuwa bado unanuka moshi na kila nyumba inalilia watu wake, Mustafa alifungua atelye, karakana yake ya viatu, karibu na soko. Aliajiri wanawake wawili waliokuwa wameuliwa waume. Mmoja aliitwa Maman Klodina. Mama huyo alikuja hajui hata kushika sindano ya ngozi, miezi sita baadaye anashona mshono ulionyooka hadi Mustafa anamwonyesha kila anayepita.

Na mimi? Mimi nilikuwa naona aibu! Naam, niliona aibu. Nilikuwa nauza vitenge na vyombo sokoni, vyote vya kutoka Bukavu, mji wa Kongo ulio upande wa pili wa mto, na wateja wangu walikuwa na swali moja tu: "Ni ya hapa ama ni ya ng'ambo?" Ukisema ya hapa, anaweka chini. Ukisema ya ng'ambo, anafungua pochi. Nilizoea hivyo hadi nikaamini. Cha hapa ni cha maskini. Cha ng'ambo ndicho kitu!

Atelye ya mume wangu sikuwa naingia. Nilisema harufu ya gundi inanipa kichwa. Uongo mtupu. Sikutaka wenzangu wanione natokea mle.

Lazima niwaambie kuhusu mguu wangu. Nilipokuwa mtoto jiwe la kusagia liliniangukia mguu wa kulia, kidole cha mwisho kikapanda juu ya mwenzake na hakikushuka tena. Viatu vya duka vinanichinja. Mustafa aliponioa alinitengenezea kalibu, ule mguu wa mbao ambao fundi huuvalisha ngozi akishona. Akapigilia kipande cha ngozi pembeni, pale pale kilipo kidole changu, ili kila kiatu changu kiache nafasi. Wangapi kati yenu waume zenu wanajua vidole vyenu namna hiyo?

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Binti wa kaka yangu, Aisha, alichumbiwa. Mimi shangazi ndiye niliyeongoza kamati ya wanawake. Tulikubaliana sare ya kitenge, na viatu vya namna moja kwa wanawake wote, ishirini na kitu. Mustafa aliposikia alifurahi kama mtoto. Kazi ilikuwa imepungua sana. Watu wa mjini hawakuwa wananunua kwake, na mteja wake wa maana alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Bukavu, Papa Silva, Mkristo mtulivu, aliyevuka daraja la mpakani kila Jumatatu kuchukua mzigo. Mimi nilidhani anavipeleka kwa watu wa vijijini huko.

Mustafa aliniambia wazi kwamba harusi ile ndiyo itakayowabakisha wale mama wawili kazini. Aliniomba nizungumze na wenzangu tu. Jioni ile aliniletea jozi moja imefungwa kwenye gazeti, akasema ni mshono mpya, nijaribu.

Sikufungua hata gazeti! Nilimwambia siwezi kuwavika watu vya hapa kwenye harusi ya ukoo wetu, watatucheka. Alikichukua kifurushi chake akaondoka.

Wiki moja baadaye niliwapanga wanawake wenzangu, tukashuka mpakani, tukavuka daraja la mto Rusizi kwa miguu, tukapanda hadi Nyawera, mtaa wa maduka wa Bukavu. Duka la tatu tuliloingia... mama yangu! Viatu vya kahawia yenye wekundu, kisigino kifupi, mkanda mwembamba, kila jozi ndani ya boksi lake na karatasi laini. Nilimuuliza muuzaji, dada mmoja mchangamfu, vinatoka wapi.

"Ni bya ng'ambo, maman," akasema. "Huku kwetu hatuna batu ba kushona hivi."

Ng'ambo! Mnaniona nilivyotazama wenzangu? Nilijaribu jozi moja, ya pili, zote zikanibana. Ya tatu ikaingia. Ikaingia na kidole changu kikakaa raha mustarehe. Nikapiga kelele mle dukani kwamba Wazungu wanajua kupima mguu wa mtu, siyo hawa wetu! Wenzangu wakacheka, tukalipa, bei mara tatu ya ile ya Mustafa, na hakuna aliyenung'unika.

Wiki iliyofuata Mustafa aliwaaga wale mama wawili. Maman Klodina alipita mbele ya meza yangu sokoni, akanisalimu kwa heshima kama kawaida. Nikaitikia huku nahesabu vitenge vyangu. Nilijua, na nikaitikia tu.

Siku mbili kabla ya harusi wanawake walikusanyika uani kwangu kujaribu sare. Maman Klodina naye alikuwepo, alikuja kumenya ndizi, maana mtu asiye na kazi humenya kwa watu ili apate chochote. Ilikuwa baada ya Alasiri. Mustafa akaingia kutoka msikitini, akatazama miguu yetu, akasimama.

Kwanza alicheka. Halafu akauliza viatu vile tumevitoa wapi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nikamjibu mbele ya wote kwamba tumevitoa ng'ambo, aje aone kazi ya watu wanaojua kazi.

"Mama Hadija," akasema, "vua hicho cha kulia."

Nikavua. Akatoa kisu chake kidogo cha kazi, akainua soli ya ndani pole pole. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na mwandiko ninaoujua kuliko wangu: *Mama Hadija. Kulia. Acha nafasi ya kidole.*

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila kiatu aliandika ndani kimeshonwa na nani au ni cha nani, ili kikirudi na kasoro ajue. Ile ilikuwa jozi ya kwenye gazeti! Niliikataa bure nyumbani, Papa Silva akaivusha, nikaifuata kwa miguu hadi Bukavu nikailipia!

Maman Klodina aliacha kisu cha ndizi. Akachukua kiatu cha mwanamke aliyekuwa karibu naye, akainua soli kwa kucha, akakuta alama yake. Mama yule hakuwa mtu wa kusema sana. Siku ile alisema.

"Hiki nimekishona mimi. Na hiki. Mumenitoa kwenye kazi, kumbe kazi yangu ndiyo mumevaa!"

Hakuna aliyecheka. Hapana, nasema uongo, mmoja alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoniwasha moto. Badala ya kumwomba mume wangu radhi, badala ya kumshika mama yule mkono, nilipandwa na mashetani! Nilimwambia Mustafa ameniaibisha makusudi. Nikamwambia yule muuzaji ni mwongo na yeye ni mshirika wake. Nikamwambia, na maneno haya nitaulizwa kwayo kaburini: "Kama ng'ambo ndiko wanakokujua, si uende ng'ambo!"

Harusi ilifanyika. Tulivaa viatu vile, tungevaa nini tena? Jumatatu Papa Silva alipovuka, Mustafa aliondoka naye kwenda Bukavu. Alikuwa na mfuko wa turubai wenye sindano, nyundo na kalibu zake. Papa Silva alikuwa amempa chumba nyuma ya duka lake la jumla, afanye kazi huko huko. Alibusu watoto. Kwangu alisema tu kwamba atakuwa anakuja Ijumaa.

Na alikuja. Ijumaa mbili alikuja na mikate na dagaa wa watoto, akaswali, akakaa. Mara zote mbili nilimpa mgongo. Nilikuwa nasubiri aniombe msamaha! Yeye aniombe mimi! Mmewahi kuona ujinga wa namna hiyo? Mara ya pili aliniuliza mguu wangu unaendeleaje na baridi. Nikamwambia mguu ni wangu.

Ijumaa ya tatu hakuja. Tulikuwa tumeamka na milio ya risasi, inavuka mto inatufikia hadi juu Kamembe. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanza. Daraja likafungwa. Nilishuka hadi pale mpakani nikasimama na watu wengine wenye watu wao huko. Bukavu inaonekana kabisa, mnajua. Nyumba unaziona, mabati unayaona. Askari akatuambia turudi. Nikarudi kesho. Nikarudi na siku iliyofuata.

Daraja lilipofunguliwa nilivuka. Chumba nyuma ya duka kilikuwa wazi, kimeporwa hadi bawaba. Majirani walisema watu wa mtaa ule walikimbilia milimani, na Mustafa alikuwa kati yao. Nilizunguka hospitali, misikiti, parokia, kila mahali palipokuwa na orodha ya majina. Baadaye watu wakaanza kurudi. Yeye hakurudi. Hadi leo hakuna kaburi, hakuna aliyemuona. Niliambiwa nikae eda, nikakataa. Sikutaka kumzika kwa mdomo, mdomo huu ulikuwa umeshafanya kazi ya kutosha.

Miezi ilipita, siku moja Papa Silva akaingia uani kwangu, amekonda. Jamani, nilimrukia! Nilimwita mwizi, nilimwita mwongo, nilimwambia angewaambia wauzaji wake waseme ukweli kuhusu viatu vile, mume wangu angekuwa amekaa hapa. Akaketi kwenye kigoda hadi nikachoka.

"Maman Hadija," akasema, "hakuna muntu alikudanganya. Ulisimama wapi siku ile? Ulisimama Bukavu. Kwetu sisi, ng'ambo ni wapi? Ng'ambo ni huku kwenu. Batu ba kwetu banapenda sana viatu bya Cyangugu."

Nilikaa chini, palepale kwenye udongo.

Wasomaji wenzangu, mnaelewa? Yule dada alisema kweli tupu! Watu wa Bukavu walikuwa wanalipa mara tatu kwa sababu vilikuwa vya kwetu. Mimi nililipa mara tatu kwa sababu nilidhani si vya kwetu. Neno lilikuwa moja, na mume wangu alipotelea katikati yake.

Papa Silva akafungua kitambaa. Alisema jirani mmoja alikimbia pamoja na Mustafa siku ile, wakapotezana njiani, na Mustafa alikuwa amemshikisha mzigo mmoja ili apate kubeba mtoto wa watu. Nyundo aliiacha chumbani. Sindano aliziacha. Alichobeba ni kalibu moja ya mbao, ya mguu wa kulia, yenye kipande cha ngozi pembeni.

Ndiyo, ni ya kwangu.

Leo nasikia kila mahali watu wanahubiri kununua cha nyumbani, vijana wanavaa fulana zenye maneno hayo, na fulana yenyewe imetoka kwenye mtumba! Nawatazama nachemka. Bado sokoni wananiuliza, "Ni ya hapa ama ya ng'ambo?" Mteja akiniuliza hivyo siku hizi, namuuliza na yeye: ng'ambo ya nani? Wengine wanaondoka. Waende!

Maman Klodina bado anashona, ana cherehani yake kule kuelekea uwanja wa ndege. Ilinichukua miaka kumwomba radhi. Alisema amesamehe, ila kiatu cha bei rahisi hanifanyii, na ana haki.

Nawaomba, nawaomba sana. Kabla hujakidharau kitu kwa sababu kimetengenezwa mtaani kwako, fungua gazeti. Fungua tu uone! Ndani yake kuna mkono wa mtu, pengine mtu huyo analala kitandani kwako na anajua mguu wako kuliko wewe. Fundi akikosa mnunuzi kwao ataondoka, na barabara ya kurudi hujui lini itafungwa.

Kalibu yangu iko juu ya kabati. Maman Klodina aliniambia nimpe, anitengenezee jozi. Sijampa. Navaa viatu vya duka, kidole kinaniuma tangu asubuhi hadi jioni, na nakiacha kiniume.