Aliyekuwa Juu ya Ngazi

Hili lilimpata baba yangu mzazi, sikulisikia kwa jirani. Nalisimulia mara moja tu, maana limenichosha, na anayetaka kubisha akabishie kwake.

Ilikuwa siku ya kawaida, saa kumi alasiri. Nilikuwa sebuleni kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule, kiuno kinaniuma. Baba na rafiki yake Kofia walikuwa kwenye makochi, wanakunywa chai na kurudia hadithi zao za shamba. Wote wawili walilima maparachichi mpaka magoti yalipogoma. Shamba likauzwa, miti ikang'olewa, zikabaki hadithi. Mimi nilikuwa nazijua zote kwa moyo.

"Baba yako huyu alikuwa mvivu," Kofia akaniambia. "Kazi yake kushika ngazi tu. Wa kupanda ni sisi."

"Wewe ulipanda lini, na hiyo kofia? Si uliogopa upepo utaichukua!"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Halafu, kama kawaida yao, wakamkumbuka Twiga. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzao wa tatu, mrefu kuliko wote, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akichuma na kuvunjika shingo. Miaka ishirini ilikuwa imepita. Kila mtu alijua kilichomuua: kipandio kimoja cha ngazi kilikatika.

"Mbao ile," Kofia akasema, "kila nikiikumbuka naitukana."

Baba alikuwa anaangalia dari. Akasimama taratibu, akaenda katikati ya sebule, akanyoosha mikono mbele ya kifua na kukunja vidole, kama mtu aliyeshika miti miwili.

"Nimeshika," akasema.

Kofia alidhani ni utani, akanieleza huku anacheka. Ndio ulikuwa utaratibu wao kazini. Anayepanda anaita "Shika!" Wa chini anajibu "Nimeshika!" Ndipo mwenzake anapanda. Na wa chini haachii, hata nyuki wamvamie, mpaka asikie "Nimefika."

Baba alisimama hivyo kama dakika moja, kisha akarudi kukaa, shati limelowa jasho. "Uzee huo," akasema. Tukayaacha.

Kesho yake, saa ileile, alisimama robo saa. Wiki iliyofuata akafikisha saa nzima. Daktari akasema ni mishipa, akatupa vidonge. Vidonge gani vya kumfanya mzee wa miaka sabini na nane asimame kama askari wa zamu? Mishipa ya mikono ilimsimama kama kamba.

"Baba, kaa basi."

"Siwezi, mama. Yuko juu."

Siku moja nilikasirika, nasema kweli. Sare arobaini zinanisubiri, na mtu mzima ameshika hewa! Nikainuka nimshushe mikono kwa nguvu. Nikapeleka kiganja pale alipokuwa ameshika.

Nilishika mti.

Mti mkavu. Wa baridi. Sikuuona. Ulikuwa unatikisika kidogokidogo, na huko juu, karibu na dari, mtu akahamisha uzito wake kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilitoa mkono, nikaenda jikoni, nikalia kama mtoto. Niliporudi baba alikuwa bado amesimama.

Kofia alikuja jioni hiyo. Baba alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya chini, macho yakiwa juu.

"Kipandio hakikukatika. Nilikivunja mimi baadaye, kwa kisigino."

"Unasema nini wewe?"

"Twiga aliita 'Shika.' Nikajibu 'Nimeshika.' Mdomo ulijibu kwa mazoea tu, ndugu yangu. Mikono ilikuwa kwenye kreti, napanga matunda."

Kofia aliweka kikombe chini.

"Tulimzika pamoja," akasema. "Miaka ishirini unaninywesha chai, unanisikiliza nikitukana mbao."

Akavaa kofia yake, akatoka. Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Kikombe chake nilikiosha, nikakificha, ili baba asikione.

Basi mzee akaanza kuyeyuka. Chakula anakula akiwa amesimama, namlisha mimi kwa kijiko. Maana sasa haikuwa tena saa moja. Ilikuwa kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Hakutaka kupona, wala hakutaka kuishi sana. Alitaka kukaa.

"Nikae tu, mama. Hata kidogo. Lakini nikiachia ataanguka tena. Mtu mmoja nimwangushe mara mbili?"

Jumapili alasiri miguu ilianza kumwisha. Nilimwona anashuka polepole, kidogokidogo, kama gunia linalovuja. Akanigeuzia macho. Hajawahi kuniomba kitu katika maisha yake, baba yule.

"Nishikie," akanong'ona.

Niliogopa. Lakini nilimpenda baba yangu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonisogeza. Nikaweka mkono wa kushoto. Nikaweka wa kulia.

"Nimeshika, baba."

Akaachia mkono mmoja. Halafu wa pili. Uzito ukanijia wote mabegani. Nyuma yangu kochi likalia, na nikamsikia akishusha pumzi, "Aaah," kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Nikafumba macho.

"Baba mdogo Twiga," nikaita kuelekea juu, "shuka. Mzee amechoka."

Kimya.

Kipandio kikalia.

Kimya tena. Kikalia cha pili. Cha tatu. Alikuwa anashuka polepole. Harufu ya majani mabichi ikanijia. Pumzi ikapita kwenye nywele zangu. Ikapita shingoni. Kisha uzito ukaisha.

Sikuachia. Nilikuwa nangoja lile neno.

Likaja. Lakini lilitoka nyuma yangu. Kwenye kochi. Na haikuwa sauti ya baba.

"Nimefika."

Mikono yangu ikabaki imeshika hewa. Nikageuka. Baba alikuwa amekaa, kichwa kimeegemea upande, kama mtu anayesikiliza siri. Alikuwa amekata roho. Sebuleni hapakuwa na mtu mwingine, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Kofia alikuja msibani. Alilia kuliko sisi watoto. Siku ya tatu nikamwita chumbani, nikamwonyesha shati jeupe alilofia baba. Begani pana alama ya kiganja, ya kahawia, rangi ya utomvu wa parachichi, ule usiotoka kwenye nguo. Nilishalifua mara tatu. Kofia aliweka kiganja chake juu ya alama ile. Vidole vyake havikufika hata nusu. Vidole vinne vya alama vilielekea mgongoni. Kidole gumba kilielekea kooni.

Tulikaa tukaitazama. Mtu humshika rafiki yake begani hivyo akimsamehe. Humshika hivyo pia akiwa na jambo lingine.

"Uso wa mzee ulikuwaje," Kofia akauliza, "alipomwona?"

Nilikuwa nimeshika ngazi, nimempa baba yangu mgongo.