Tupo Wote

Glenys Beavan ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na haya nimeyasikia jikoni kwake zaidi ya mara moja. Kila mara anayasimulia vilevile, haongezi chumvi. Akifika kwenye lango la shamba anazungusha kwanza kikombe mezani, ndipo anaendelea.

Ilikuwa Alhamisi ya Oktoba, jua la kinyonge, matufaha yamedondoka hadi barabarani. Mumewe Denzil alikuwa anatoka na baiskeli kwa mara ya kwanza tangu alazwe kwa ajili ya moyo. Alikunywa uji wa shayiri na chai mbili, akaanza ubishi wake.

"Nipe hiyo dawa niibebe mwenyewe. Moyo si ni wangu?"

"Nikupe wewe, uliyetafuta miwani nyumba nzima ukiwa umeivaa?" Glenys akaitia dawa kwenye mkoba wa usukani wa baiskeli yake, akafunga zipu. "Ukiihitaji niite. Mimi niko hapo mbele yako, sihami nchi."

Kilikuwa kichupa kidogo cha kupuliza chini ya ulimi, kipya, kifuniko bado kimezungushiwa utepe wa plastiki. Daktari aliwaeleza bila kuficha: kifua kikibana, apulize, akae chini, na asicheleweshe.

Sasa hapa lazima niseme kuhusu Chama cha Alhamisi. Zamani walikuwa waendesha baiskeli kumi na tisa, wastaafu watupu, na walikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Kwenye vijia vyetu vya Herefordshire, huku mashambani Uingereza, mnapita mmoja nyuma ya mwingine, na anayeongoza hageuki, maana ukigeuza shingo baiskeli nayo inageuka, unajikuta mtaroni na miiba usoni. Kwa hiyo wa mwisho ndiye anayeita kila kona: "Tupo wote!" Wa mbele akisikia hivyo, anakanyaga roho yake imetulia. Miaka ikaenda. Wengine walikufa, wengine magoti yaligoma, wengine walihamia kwa watoto wao. Kufikia Oktoba ile, hao wote walikuwa wawili tu, Glenys mbele na Denzil nyuma. Denzil alikuwa bado anaita, kwa madaha yaleyale, utadhani ana kikosi kizima mbele yake.

Na baiskeli yake ilikuwa na kelele zake. Akiacha kukanyaga kwenye mteremko, gurudumu la nyuma linalia tiki-tiki-tiki. Glenys alikuwa akimtania kwamba cherehani imepata miguu.

Walipofika juu ya Sallow Pitch, pale njia inapoanza kuzama bondeni, walimkuta Hester Prosser anapunguza ua wa shamba lake kwa mkasi mkubwa. Hester ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huwa makavu.

"Mnashuka huku?"

"Tunakwenda kanisani Wormley," Denzil akasema. "Alhamisi wana chai na keki ya tangawizi. Dini imenikolea."

"Shukeni kimya, basi. Humu hatuitani. Mama yangu hakuita, na mimi hata mbwa namwita kwa kupiga makofi. Kuna kitu humu kinaokota sauti za watu. Kinarudia tu yale uliyoyasema humu njiani, basi, hakina maneno yake."

Denzil alicheka mpaka akashika tumbo. "Leo kitajifunza adabu ya Chama cha Alhamisi."

"Nimeshakwambia, mzee," Hester akasema, akarudi kwenye ua wake.

Glenys anasema hapo ndipo alipopaswa kumwambia mumewe anyamaze, kwa siku ile moja tu. Lakini na yeye alikuwa anacheka.

Wakashuka. Sallow Pitch ni njia nyembamba kama korido. Kingo za udongo mwekundu zinapita kichwa cha mtu, na juu yake miiba imeshikana huku na huku, hata saa nne asubuhi kuna kiza cha jioni. Kona ya kwanza: "Tupo wote!" Na tiki-tiki nyuma yake. Kona ya pili vilevile. Kona ya tatu: "Tupo wote!" Glenys akavuka kijito kinachokatiza njia kule chini, miguu ameinua asilowe, na kwenye kona ya nne sauti ikaita tena, karibu kabisa na bega lake.

"Tupo wote!"

Hapo ndipo alipogundua kwamba hasikii tiki-tiki.

Akashika breki. Akateremka. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Tope la barabarani lilikuwa na alama ya tairi moja tu, na ilikuwa yake.

"Denzil?"

Akajaribu kumpigia. Simu haikushika mtandao, bondeni mle haishiki kamwe. Akageuza baiskeli, akaanza kuisukuma kurudi mlimani. Alikuwa hajafika hata kwenye kijito aliposikia nyuma yake, kule chini alikotoka:

"Tupo wote!"

Akajiambia mzee amekatiza mashambani ili amtangulie, utoto wake uleule. Akageuka, akashuka tena haraka. Kona ya nne ilikuwa tupu. Kona ya tano ilikuwa tupu. Na sauti ikaita nyuma yake, sasa kutoka juu.

Akapanda. Ikaita chini. Akashuka. Ikaita juu. Sauti ilikuwa ya Denzil, madaha ni ya Denzil, hata kile kikohozi kidogo baada ya neno. Kila alikoelekea, yenyewe iko nyuma. Anasema alilia kwa hasira, peke yake mle ndani, mkono mmoja ameubana juu ya mkoba wenye dawa. Alipotazama saa, nusu saa nzima ilikuwa imepotea.

Ndipo akakata shauri. Denzil wa kweli yuko juu, ameshindwa mteremko, amerudi kwa Hester. Hiki cha nyuma hakina baiskeli, hakina tiki-tiki, si mume wangu. Sigeuki tena. Kiite kitakavyoita, sigeuki.

Akasukuma. Kona ya tatu. Hakutazama huku wala huku, macho kwenye gurudumu la mbele tu. Kabla ya kona ya pili kuna lango la shamba upande wa kushoto, limefichwa na ua. Alilipita.

"Glen."

Nyuma yake. Pole pole, kama mtu anayeongea huku amefunikwa mto wa kulalia usoni.

Hakugeuka.

"Glen. Dawa."

Akasikiliza tiki-tiki. Hakuna. Akauma meno, akasukuma.

"Glen, niko hapa. Geuka."

"Sikusikii," akanong'ona. "Wewe si yeye. Sikusikii."

Ikaita mara moja tena, jina lake tu, nusu yake. Kisha ikanyamaza. Glenys alishukuru. Hilo ndilo analolisema kwa shida kuliko yote: kwamba ilipokoma, alishukuru.

Juu alimkuta Hester palepale, na mkasi wake.

"Denzil yuko wapi?"

"Hajapita mtu hapa."

"Lile jambo lako ni la kweli," Glenys akasema, anahema. "Limeniita kwa sauti yake. Limeniita jina. Limeniomba mpaka dawa, lakini sikugeuka."

Hester aliteremsha mkasi taratibu. "Alitamka neno dawa mkiwa humu njiani?"

"Hapana. Aliita tu kila kona, tupo wo..."

Hakumaliza. Hester alikuwa ameshatupa mkasi chini. Glenys akachomoa kichupa mkobani, wakateremka mbio wote wawili, bila baiskeli, wakiteleza kwenye tope.

Denzil alikuwa nyuma ya lile lango, hatua nne kutoka njiani. Alikuwa ameingia apumzike, baiskeli ameilaza kwenye nyasi, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo. Mkono mmoja ulikuwa umepenya kati ya mbao za lango kuelekea njiani, vidole vimejaa udongo mwekundu. Ulikuwa bado una joto. Glenys alikwangua ule utepe wa plastiki wa kichupa kwa kucha, lakini haukukatika. Hester akamshika viganja vyote viwili.

"Basi, dada yangu. Basi."

Walimzika Wormley, na akina mama wa kanisani walioka keki ya tangawizi, kwa wema tu. Glenys hakuweza kuila.

Sasa Hester anasema njia imebadilika. Zamani kile kitu kilichanganya sauti za watu wa kila namna. Siku hizi kina maneno mawili tu, na mtu akipita mle peke yake huyasikia nyuma ya bega, pole pole: "Glen. Dawa."

Kila Alhamisi Glenys anakwenda. Nimemsihi, hasikii. Anashuka kwa miguu hadi kwenye lango, na sauti ikiita, anageuka. Kila mara anageuka. Anajua hakuna mtu, na anageuka.

Mwezi wa Novemba alikiacha kile kichupa juu ya nguzo ya lango, utepe wake ukiwa bado haujakatika. Wiki iliyofuata alirudi nacho, akaniwekea mezani nikione kwa macho yangu. Utepe ulikuwa umekatwa. Dawa ilikuwa imeshuka hadi nusu. Kwenye kifuniko palikuwa na alama ya kidole gumba, ya udongo mwekundu, bado mbichi.

Nilimuuliza atafanya nini. Aliinuka. Alifungua droo ya kabati, akatazama. Vichupa vya dawa ya Denzil vilikuwa vimebaki viwili, na Alhamisi iliyofuata akachukua kimoja, akaenda nacho langoni.