Memori ya Kasi na Mbuzi wa Mama

Kila siku akitoka shule, Tulinagwe alipitia kwenye duka dogo la mama yake mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, ambako watu walichapisha barua na kutoa fotokopi. Alivua sweta lililolowa, akamwamkia mama, kisha akakaa mbele ya kompyuta. Hapo taabu ilianza. Asubuhi kompyuta ile ilifanya kazi vizuri, lakini mchana ilikuwa goigoi ajabu.

"Mama Tulinagwe," alisema Mwalimu Simon siku moja, akiwa amechoka kungoja, "nikichelewa hivi tena, mitihani yangu nitaipeleka kwingine."

Shuleni, Gift, mwanafunzi mwenzake, alikuwa na jibu tayari. "Kaka yangu kule Mbeya kaweka memori yenye kasi. Sasa kompyuta yake inakimbia hatari!"

Memori ni kile kifaa kinachoshika kazi ambayo kompyuta inaifanya kwa wakati huo. Tulinagwe hakutaka kujua zaidi. Alimshikilia mama ainunue mpaka mama akalegea.

"Si bei ya maandazi hiyo, mwanangu," mama alisema. "Labda tumuuze mbuzi."

Mbuzi huyo wa maziwa alikuwa karibu kuzaa, na maziwa yake yalingojwa kwa hamu kwa ajili ya Noah, mdogo wake Tulinagwe. Hata hivyo, Tulinagwe alikwisha kujigamba darasani kwamba memori mpya inakuja.

Sasa, nyumbani kwa akina Tulinagwe kila kitu cha heshima kilivishwa kitambaa cha kufuma: redio, makochi, hata mtungi wa gesi. Kompyuta ingeachwaje uchi? Tulinagwe mwenyewe alikuwa ameifumia kitambaa kizito cha sufu, na akina mama wa kanisani walikisifu sana. Kilifunika kasha la kompyuta mchana kutwa, hata likiwa linafanya kazi, eti kuzuia vumbi na ukungu.

Jumamosi alikifua. Mvua ya Tukuyu nayo haina huruma na nguo mbichi. Jumatatu kitambaa kilikuwa bado kinachuruzika maji. Mchana huo mitihani ya Mwalimu Simon ilitoka bila kukwama. Tulinagwe alishangaa, akaligusa kasha. Siku zilizopita lilichoma kama sufuria. Leo lilikuwa vuguvugu tu, na matundu ya nyuma yalitoa hewa. Akaelewa. Kitambaa chake ndicho kilichokuwa kikiinyima kompyuta pumzi! Aliona aibu, akanyamaza.

Asubuhi yake Mzee Erasto, aliyekuja kumnunua mbuzi, alifika nyumbani kwao Bulyaga na kamba mkononi. Noah alimkumbatia mbuzi shingoni, akilia. Tulinagwe hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, usimuuze! Kompyuta haina shida. Ni kitambaa changu!"

Mama alimtazama, kisha akamgeukia mgeni. "Shikamoo, baba. Utusamehe, biashara imeishia hapa."

Mzee Erasto alicheka. "Marahaba, mama. Mbuzi mwenyewe naona amefurahi."

Jioni, fundi Medard aliyeitwa kufunga memori alifungua kasha na kupuliza vumbi. "Kompyuta ikipata joto kali hujipunguzia mwendo ili isiungue. Memori mliyo nayo haijajaa hata nusu," alisema. "Tena kompyuta hii ni ya zamani. Ukiiwekea memori ya kasi, itaiendesha kwa mwendo wake ule ule. Ni sawa na kununua pikipiki ya mbio kisha uipitishe njia ya Isongole wakati wa masika. Utakwenda kwa mwendo wa tope."

"Kwa hiyo haina maana?" Tulinagwe aliuliza.

"Ina maana kwa mwenye kuihitaji. Anayetengeneza video, na kompyuta yake ikaikubali, atafaidi. Ninyi mnachapa mitihani."

Medard alipoondoka, mama alimketisha binti yake.

"Ulijua tangu jana, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Niliona aibu."

"Kukosea si ajabu. Hata mimi nilikubali kununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa, na hilo ni kosa langu. Lakini aibu yako ya jana ingemnyima mdogo wako maziwa mwaka mzima. Ukigundua umekosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Kesho yake huenda mbuzi akawa ameshafungwa kamba."