Mkate na Chumvi kwa Jinamizi

Kabla sijafungua mdomo, apa. Apa kwa mtu unayempenda, si kwa yule unayemwogopa, kwamba haya hayatoki hapa… Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa, tena kwa roho ya marehemu mume wangu Pero, na kiapo changu hakikufika hata kesho yake. Kwa hiyo sikutegemei sana.

Ilikuwa Septemba, wiki ya kuchuma zabibu. Jua lilikuwa linazama upande wa kisiwa cha Korčula, nami napanda ngazi na bakuli la tini kumpelekea mgeni. Mimi hupangisha chumba cha juu, kilichokuwa cha wanangu. Siku hizi wako Australia, huniandikia Krismasi. Mwaka ule nilipata mgeni mmoja tu, Zdenka, mwalimu kutoka mji wa Osijek, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Alikuja likizo peke yake na vitabu vinane.

Nilimkuta ameketi ngazini. Nyuma yake mlango wa chumba wazi, ndani giza.

"Huingii, mwanangu?"

"Sitaki, shangazi Luce."

"Kuna panya?"

"Afadhali panya."

Akaninong'oneza. Jinamizi, alisema, huja saa nane mchana, wakati kijiji kizima kimefunga madirisha na kulala kwa joto. Kwanza husikia tundu la ufunguo… ksss… kama uzi unapita. Kisha harufu ya lavenda na nguo za sandukuni. Kisha uzito.

Kifuani.

"Halina hasira," alisema. "Linakaa tu. Kama mtu aliyechoka, hana pa kwenda. Ila linavuta pumzi zangu zote, shangazi. Zote."

Akafungua vifungo vya blauzi. Chini ya mitulinga, alama mbili za buluu. Ukubwa wa magoti.

"Ilianza lini?"

"Jumanne. Siku ile niliyokwambia nahamia mjini Orebić, kwenye watu."

Kweli alikuwa amepungua. Midomo rangi ya majivu. Daktari alimsikiliza moyo, akamwambia apumzike. Apumzike!

"Basi ondoka kesho."

"Miguu hainibebi hadi kituo cha basi. Na nikilala tena mara mbili tatu, siamki."

Sisi huku jinamizi tunalijua. Si mzimu. Ni mwanamke hai, jirani yako, kalala kitandani kwake, roho yake ikatoka kwenda kutembea. Wengine hata wenyewe hawajui. Dawa ni moja, ya mama zetu. Likikukalia, usishindane nalo. Likaribishe. Sema moyoni: njoo asubuhi nikupe mkate na chumvi. Mwanamke wa kwanza kuja asubuhi kuomba mkate na chumvi, ndiye. Hawezi kutokuja. Na akishaonekana na watu, nguvu zimemwisha.

"Nitajaribu," alisema Zdenka. "Ila usimwambie mtu. Watasema nimerukwa na akili."

Ndipo nikaapa.

Nikashuka moja kwa moja hadi kwa mzee Vlaho, walikokuwa wakikamua zabibu, watu kumi na mmoja na punda. Nikawaambia wote. Na jina nikawapa: Stane wa nyumba ya chini. Nyusi zake zimeungana, ishara ya jinamizi tangu zamani, na hatusalimiani tangu nilipomwambia divai yake ni siki.

"Nyusi tu, Luce?" akauliza Vlaho.

"Nyusi na lavenda. Si anauza lavenda?"

"Kijiji kizima kinanuka lavenda. Hata punda wangu."

"Punda wako ananuka wewe."

Walicheka. Lakini waliahidi kuja kutazama. Nani angekosa?

Kesho yake mchana nilifunga madirisha nikajilaza. Nyumba ilikuwa kimya. Ukimya ule nauchukia. Majira ya baridi mimi huacha redio ikiongea jikoni, nami nikiwa chumbani naijibu, "Ndiyo, nakuja." Usingizi ulinichukua kama jiwe kisimani. Nilipoamka kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, utadhani nimepandisha mlima na kapu mgongoni. Joto, nikajiambia.

Jioni nikamfuata Zdenka. Ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Umeliambia?"

"Nimeliambia."

"Likafanyaje?"

"Lilianza kulia."

Sikulipenda jibu lile. Sikuuliza zaidi.

Asubuhi uani kwangu palijaa, chini ya mzabibu wa kivuli. Zdenka mezani, mbele yake mkate mzima na bakuli la chumvi. Mimi pembeni yake, mwenye nyumba, nimejifunga kitambaa cha kichwani cha Jumapili.

Stane akatokea getini.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mnatazama nini? Kuna maiti?"

"Unataka kitu, Stane?" Vlaho alimuuliza polepole.

"Nataka kujua mnafanya nini hapa wakati zabibu zinaoza mlimani. Wapumbavu wakubwa."

Akavuta kiti, akakaa. Hakuomba kitu. Nilichemka! Nilimkazia macho: omba, mwanamke, omba. Akanikazia yake. Jua likapanda. Nyigu wakazunguka meza. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akachukua kofia yake aondoke.

Ndipo njaa ikanishika.

Nilikuwa nimekunywa kahawa na kula jibini, nimeshiba. Hii ilitoka chini zaidi ya tumbo. Mate yakajaa mdomoni. Harufu ya ule mkate…

"Zdenka, mwanangu," sauti ilisema, laini, ya mtu anayebembeleza. "Nigawie mkate kidogo… na chumvi."

Niligeuka haraka nimwone aliyesema.

Wote walikuwa wananitazama mimi.

Vlaho akavua kofia. Stane akafanya ishara ya msalaba, bila furaha yoyote usoni. Nikatazama chini. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umezama ndani ya chumvi hadi kifundo. Wa kushoto ulikuwa umeukumbatia mkate kifuani, kama mtoto, na ubavuni ulikuwa umeshang'atwa.

Zdenka akavuta pumzi. Ndefu… hadi mwisho. Damu ikamrudi mashavuni mbele ya macho ya watu wote.

"Kumbe ni wewe, shangazi Luce."

Nilitaka kusema nilikuwa usingizini. Nilitaka kumwambia asiondoke.

Mdomo ulikuwa umejaa mkate.