Paji la Uso la Wawira

Mvua ilipoangukia soko la Embu Jumamosi moja ya mwaka 1998, watu walikimbilia baraza la duka la vitambaa la Wawira. Kati yao alikuwa mwanamume mrefu mwenye viatu vya gambuti na koti la kijani, amekumbatia boksi la barafu.

"Ni samaki?" Wawira akamuuliza. Alikuwa amesimama mlangoni katika gauni la rangi ya haradali lililopigwa pasi vizuri.

"Ni chanjo za ng'ombe. Zikipata joto nimekwisha. Una friji, dada?"

Friji ilikuwepo, ya soda. Chanjo zikaingia humo, na Kaberia, daktari wa mifugo kutoka Kanyakine aliyehamishiwa Embu, akabaki pale akichekesha wateja hadi mvua ikakatika.

"Mimi nina thelathini na saba, na kila Krismasi mama ananiuliza nitaoa lini," alisema. "Wewe je? Ama hiyo haiulizwi?"

"Thelathini na tano," Wawira akajibu.

Alikuwa na arobaini na nne. Alidhani hatamwona tena, basi kulikuwa na ubaya gani? Lakini Jumatatu simu ya duka ikalia.

"Halo, mrembo wa soda baridi."

"Nani huyo anachezea simu ya biashara?"

"Ni mgonjwa."

"Wewe si daktari?"

"Wa ng'ombe, mpenzi. Mimi mwenyewe nimekosa wa kunitibu."

Wawira akacheka mpaka wateja wakageuka. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma bila kumwachia mtoto, na tangu hapo hakuna aliyemfanya acheke hivyo. Jioni Kaberia alianza kumsindikiza hadi nyumbani kwake katika mtaa wa Dallas, wakitembea polepole makusudi. Huko njiani alipenda kuzungumza juu ya watoto.

"Wawili tu wananitosha. Msichana akiwa na macho yako, sitamkatalia kitu."

Kila aliposema hivyo, Wawira alipanga kumwambia ukweli wakifika kwenye lango. Wakifika, alimtakia usiku mwema.

Kisha Kaberia akasema mama yake anataka kumwona. Siku hiyo Wawira alijitazama kwenye kioo cha duka, akaona mistari miwili mirefu katikati ya nyusi zake. Ilimwogopesha. Mama mtu mzima angeisoma mara moja. Rafiki yake Nelius, msusi, ndiye aliyemwambia juu ya daktari wa ngozi jijini Nairobi aliyekuwa na sindano ngeni ya kulainisha mikunjo.

Kaberia aliambiwa kuna semina ya akina mama wa kanisa.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alimketisha na kumwambia, "Nikunjie uso. Mkasirikie mtu."

Wawira alijikasirikia mwenyewe. Daktari akaweka alama za kalamu pale ngozi ilipojikusanya.

"Sindano ni nyembamba sana. Utahisi kama kung'atwa na siafu. Kisha usipasugue, na usilale mpaka saa chache zipite. Leo hutaona tofauti. Baada ya siku chache misuli italegea, na kufikia wiki mbili utaona kazi yote. Unaweza kuumwa kichwa au kuvia damu kidogo. Mara chache kope huinama, lakini hurudi yenyewe. Ikipita miezi mitatu au minne, uso unarudi ulivyokuwa."

"Nitaweza kukasirika?"

"Utakasirika. Ila watu hawataona."

Sindano zikaingia moja baada ya nyingine, na barafu ikafuata. Ilikwisha upesi kuliko alivyotarajia. Kilichomuuma zaidi ni simu ya jioni.

"Semina ilikuwaje, mpenzi? Mlifundishwa nini?"

"Uaminifu," Wawira akasema.

Mistari ilipotea kweli. Nelius alimsifu, wateja wakamsifu. Kisha asubuhi moja Kaberia akaingia dukani bila salamu, macho mekundu. Karambu, dada yake mdogo, alikuwa amejifungua, na mtoto akafa siku hiyo hiyo.

"Nilimshika, Wawira. Alikuwa bado na joto."

Ndani, Wawira alivunjika. Akataka uso wake umwonyeshe hivyo, lakini paji lilitulia kama meza. Hata machozi yalikataa kuja. Alimshika mkono na kusema pole. Kaberia alimtazama usoni, kisha akautoa mkono wake polepole.

Simu zikapungua. Wawira alipopiga ofisini kwake, hatimaye Kaberia akajibu.

"Nililia mbele yako, ukaniangalia kama unamsubiri mteja. Nikajiuliza, huyu ndiye nitampeleka kwa mama na msiba huu?"

"Kaberia, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Jambo hilo halikuwa la simu. Aliposikia Kaberia amechukua likizo, alifunga duka akamfuata kwao Kanyakine. Alimkuta zizini, suruali imekunjwa. Hakungoja kukaribishwa.

"Sikwenda semina. Nilidungwa sindano usoni ili mama yako asijue umri wangu. Ndiyo maana uso haukukunjika. Nina miaka arobaini na nne, na huenda sitakuzalia mtoto."

Kaberia aliegemea mlango wa zizi.

"Sindano naweza kusamehe," alisema. "Lakini uliniacha nikipanga watoto. Jioni baada ya jioni, Wawira. Ulikuwa unanisikiliza tu?"

"Nilikuwa nakusikiliza, na nilitamani iwe kweli."

"Na kwa nini unaniambia sasa?"

"Nilitaka uwe na haki ya kukasirika."

Kaberia alimsindikiza hadi barabarani, akarudi zizini.

Miezi ikapita. Mistari ikarudi, kwanza kama kivuli, halafu mizima. Nelius alimuuliza kama atarudi kwa daktari, Wawira akakataa.

Mchana mmoja, akipima kitambaa cha mteja, alimwona Kaberia mlangoni, shati jeupe, amenyoa. Aliuweka mkasi chini.

"Nimemwambia mama umri wako," alisema. "Alipalilia shamba kutwa nzima. Kisha akauliza kama unakunywa chai ya maziwa mengi."

"Na wewe?"

"Mimi nimejaribu kukuacha. Imenishinda." Akakaribia kaunta. "Nataka kukuoa, Wawira."

"Na watoto?"

"Wakija, Mungu asifiwe. Wasipokuja, kuna siku nitahuzunika. Siku hiyo usijifiche kwangu, na mimi sitajificha kwako."

Wawira alifunika uso, akalia mbele ya mteja. Alijua siku hizo zitakuja, na kwamba zikija atakumbuka kila jioni aliyonyamaza. Hilo Kaberia hangeweza kumwondolea, wala hakumwomba amwondolee.

"Ndiyo," alisema. "Mwambie mama, maziwa mengi."