Historia ya Binti Mlinzi

Kila siku akirudi shuleni, Chiriku alibadilisha sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akapiga magoti kuokota pini zilizoanguka chini ya meza ya mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Pini zikiisha sakafuni, mama husukuma simu mezani bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Haya, nenda kwenye ufalme wako. Nikizima cherehani, simu inarudi."

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa zima, kwa sababu hata ndege mwenyewe hakumzidi kwa kelele. Aliongea akila, aliongea akipiga hesabu, na mwalimu mmoja aliwahi kusema kwamba mtoto huyu hata akipiga chafya hutoa sentensi kamili. Mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha ni Kidoti, rafiki yake wa dawati moja, msichana mpole mwenye doa jeusi juu ya mdomo. Kidoti akisema "hebu" tu, Chiriku hufunga mdomo na kusikiliza. Walikuwa chanda na pete, na walimu walishachoka kuwatenganisha.

Huo ufalme ulikuwa mchezo wa mtandaoni. Haukuwa na picha wala milio ya risasi, bali maandishi matupu. Wachezaji, watoto na vijana wasiojuana kwa sura, walikutana katika kundi moja na kuandika kwa pamoja hadithi ya Nchi ya Ngome Saba. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake, akimsemea na kumtembeza. Lakini hukuingia hivi hivi kama mtu anayeingia sokoni. Kwanza ulisoma masimulizi yote ya nchi, kisha ukaandika historia ya mhusika wako: katoka wapi, kalelewa na nani, anatafuta nini. Historia hiyo ilipaswa kukubaliana na masimulizi. Nchi ya Ngome Saba haikuwa na magari wala bunduki, na aliyetumia uchawi alilipa kwa kupoteza kitu chake, sauti au kivuli au kumbukumbu. Msimamizi, kijana wa chuo aliyejiita Mtunza Lango, alisoma kila historia na kuipitisha au kuirudisha.

Ya Chiriku ilirudi. Alileta binti mfalme anayepaa angani. Akaambiwa nchi ile haina watu wa kupaa. Akaleta binti mfalme asiyepaa, lakini mwenye upanga wa radi na farasi anayezungumza. Akaulizwa analipa nini kwa uchawi wote huo. Alipoleta wa tatu, Mtunza Lango alimwandikia kwa upole: "Unajua kuandika. Tatizo ni kwamba mhusika wako hakosi kitu. Niambie anamkosa nani, nami nitakufungulia lango."

Chiriku alikaa akitafuna ncha ya kidole. Yeye hakuwa amemkosa mtu yeyote. Mama yake alikuwa pale akikanyaga cherehani, baba yake alirudi kila jioni na mkate kwapani, babu na bibi wa pande zote walikuwa hai na wagomvi. Ndipo alipomkumbuka Kidoti.

Baba yake Kidoti alikuwa dereva wa lori. Aliondoka na mzigo siku moja asubuhi, akapiga simu akiwa njiani, na tangu hapo kimya. Hakuna aliyeleta habari ya ajali, wala ya kifo. Hilo mtaa mzima ulilijua. Kitu ambacho mtaa haukukijua, Kidoti alimwambia Chiriku peke yake, siku mvua ilipowafungia chini ya ngazi za shule. Kila wiki, mama yake akitoka, Kidoti huvitoa viatu vya baba mvunguni na kuvipaka rangi, ili akirudi asivikute vimekauka. Na mdogo wake wa kike akiuliza kama baba kapiga simu, Kidoti humwambia, "Ndiyo, ulikuwa umelala. Kakusalimia sana." Kisha hutunga salamu zenyewe: baba kasema ule vizuri, baba kasema usiogope giza.

"Ni uongo, najua," alikuwa amesema Kidoti huku akilia. "Usimwambie mtu. Hata mama hajui."

"Nife hapa hapa," alijibu Chiriku.

Hakufa. Alichukua simu ya mama yake akaandika habari za Binti Mlinzi, ambaye baba yake, mlinzi wa misafara ya chumvi, alipita Lango la Kaskazini na hakurudi. Kila siku ya gulio, Binti Mlinzi huyapaka mafuta mabuti ya baba yake. Kila usiku humpa mdogo wake salamu ambazo hakuna aliyezituma. Lori likawa msafara, viatu vikawa mabuti, na Chiriku akajiambia kwamba kwa kubadilisha hivyo ameshaificha siri. Mbona hakutaja jina la mtu?

Mtunza Lango aliipitisha bila kugusa hata nukta. "Nimelia," aliandika. Wengine nao wakamiminika na sifa. Chiriku alizisoma sifa zile mpaka moyo ukamjaa kama kaandika kweli kitu chake.

Sasa, kundi lile lilikuwa na desturi moja: historia ikishapitishwa, huwa mali ya nchi. Mchezaji yeyote anaweza kuiendeleza. Haikuchukua muda, mchezaji aliyejiita Simba Marara akaandika kwamba kamkuta yule mlinzi wa misafara katika mji wa kusini. Yu hai, mzima wa afya, ana mke mwingine na watoto wengine. Alipoulizwa kuhusu binti zake, alicheka na kusema, "Kumbe bado wananingoja? Nilishawasahau." Kundi zima lilishangilia. Chiriku alishtuka kidogo, lakini hadithi ilikuwa imenoga, naye akajibu kwa vicheko kama wenzake.

Kwa miezi mingi Chiriku alikuwa akimbembeleza Kidoti ajiunge na mchezo, na Kidoti alikuwa akijibu kwamba hana simu. Kisha mjomba wake akampa simu yake kuukuu yenye ufa kiooni. Kidoti hakusema kitu. Alitaka kumshtukiza rafiki yake. Alijiunga Ijumaa jioni, na kama ilivyompasa mgeni yeyote, akaanza kusoma masimulizi yote ya nchi, moja baada ya jingine.

Jumatatu Kidoti alikuwa amekaa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Chiriku alimfuata mbio.

"We vipi? Umenihama?"

Kidoti alimtazama kwa macho yaliyovimba. "Nimesoma habari za Binti Mlinzi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chiriku alitafuta neno akalikosa. Alipolipata, lilikuwa neno baya. "Lakini nilibadilisha! Yule ni mlinzi, si dereva. Tena ni mabuti."

"Ulibadilisha viatu, mimi ukaniacha vilevile." Kidoti alizungumza polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. "Nilikwambia wewe tu. Na sasa watu nisiowajua wamempa baba yangu mke mwingine, wamemfanya acheke. Na wewe ukacheka nao. Nimeona."

"Kidoti, ule ni mchezo..."

"Jana mdogo wangu kaniuliza baba kasemaje. Nikafungua mdomo nimpe salamu, nikasikia maneno ya yule mtu wenu: nilishawasahau. Sikuweza kusema kitu. Kaenda kulala bila salamu, Chiriku. Kalia mpaka kapitiwa na usingizi."

Kengele ililia. Kidoti akafungua kitabu na kuinamisha kichwa, na Chiriku akarudi kwenye dawati lao akakaa peke yake. Siku hiyo mwalimu aliuliza mara mbili kama anaumwa.

Alipofika nyumbani hakuosha vyombo wala hakuokota pini. Alisimama mlangoni na begi mgongoni. Mama alimtazama mara moja tu, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Nani kafa?"

Chiriku akalia kwa sauti, akaeleza yote, na katikati ya kilio akakumbuka kwamba hata kwa kueleza anaitoa siri ile tena. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Mtoto wa watu kakufungulia kifua chake, wewe ukaenda kuanika yaliyomo kama nguo kwenye kamba!"

"Nimekosa, mama. Sasa nifanye nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, ndiyo. Lakini aliyeyamwaga hushika tambara akapiga deki. Hiyo simu hapo. Anza."

Chiriku alimwandikia Mtunza Lango, akamwomba aifute historia ya Binti Mlinzi. Jibu lilikuja upesi. Haikuwa rahisi, alisema. Wachezaji wengi wameshajenga hadithi zao juu ya ile. Ikifutwa, na zao zinaanguka. Historia hufutwa kwa sababu moja tu: mwenye kuileta akisimama mbele ya kundi akakiri kwamba haikuwa yake. Na anayekiri hivyo hutoka mchezoni.

Mama alikuwa ameegemea kiti akisoma naye. Chiriku alitamani aambiwe kwamba kuna njia nyingine. Mama akachukua sindano akaanza kuitia uzi.

Basi Chiriku aliandika. "Historia ya Binti Mlinzi si yangu. Ni maisha ya mtu aliyeniamini. Niliichukua bila ruhusa, mkanisifu, nikanyamaza. Naomba ifutwe pamoja na yote yaliyotokana nayo. Mnisamehe kwa kazi zenu zitakazopotea kwa ajili yangu." Hakutaja jina wala mji. Matusi mawili matatu yalikuja, kwa sababu watu walikuwa wamehangaika na hadithi zao. Simba Marara aliandika, "Sikujua. Mwambie huyo mtu samahani. Naogopa hata kufikiria." Kisha ukurasa ukawa mweupe, na kundi likatoweka kwenye simu. Chiriku alikuwa ameupenda mchezo ule kuliko kitu chochote, na alilia kwa ajili yake pia, hatutamdanganya msomaji.

Kesho yake, mama alimsindikiza hadi kona ya kwao Kidoti, akamwacha amalizie njia mwenyewe. Kidoti alikuwa uani akianika sare za mdogo wake. Mama yake hakuwepo.

"Nimeifuta," alisema Chiriku. "Yote. Na ya yule aliyemfanya baba acheke, nayo imefutwa. Mimi ndiye niliyekosa, Kidoti. Sikubadilisha kitu. Nilikuiba."

Kidoti alikung'uta shati, akalitundika, akalinyoosha kola kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Nilimwambia yeye tu. Kaapa hataitoa siri."

"Haya." Machozi yalimtiririka Kidoti, asiyafute. "Viatu nimevirudisha mvunguni. Sijavipaka tena. Kila nikivishika naona wale watu wanasoma."

Chiriku alichukua nguo nyingine kwenye beseni akampa, na Kidoti akaipokea. Walianika mpaka beseni likabaki na maji tu.

"Nimekusamehe," Kidoti alisema mwishoni. "Ila nenda sasa."

Wiki iliyofuata Kidoti alirudi dawati lao. Darasa lilipiga makofi, kwani ukimya wa Chiriku ulikuwa umeanza kuwatisha. Walisaidiana hesabu, wakagawana muwa wakati wa mapumziko. Chiriku alifurahi hadi akathubutu kuuliza kwa sauti ya chini, "Nyumbani vipi? Mdogo wako?"

"Hawajambo," alijibu Kidoti, akafungua ukurasa mwingine.

Lilikuwa jibu la adabu. Ndilo ambalo mtu humpa jirani, au mwalimu, au muuza duka. Jioni hiyo Chiriku alikaa chini ya meza ya mama yake na pini kiganjani, akamsimulia.

"Kasema kanisamehe, mama. Mbona haniambii kitu tena?"

Mama alizima cherehani ingawa nguo ya mteja ilikuwa nusu. Akashuka akakaa naye sakafuni, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda.

"Sikiliza, mwanangu. Mtu akiniletea kitambaa, hata kiwe kizuri namna gani, sina ruhusa ya kujishonea gauni. Kimelala kwangu, lakini ni chake. Machungu ya mwenzako ni hivyo hivyo. Aliyekusimulia hajakupa, kakuwekesha. Ukitaka kutunga, tunga. Kipaji unacho. Lakini chota kwako, na kama unachota kwa mwenzio, bisha hodi kwanza."

"Atakuja kuniamini tena?"

"Sijui." Mama alimvuta kifuani. "Msamaha mtu anaweza kuutoa kwa siku moja. Imani huijenga upya taratibu, na wewe huna haki ya kumharakisha. Labda itarudi. Labda hairudi yote. Wewe kaa karibu, uwe mtu anayefaa kuambiwa, hata kama hakuna anayekuambia."

Chiriku alilia kwapani mwa mama yake, na mama hakumwambia anyamaze.